Kuumeni na Kukeni: Asili ya Mamlaka ya Wanaume Kando ya Ziwa Viktoria kwa Ushahidi wa Maneno

Tarehe 22 Februari, 1990, Mahakama Kuu ya Tanzania iliyokaa Mwanza ilitoa hukumu katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke wa Kihaya alikuwa amerithi shamba la ukoo kwa wasia wa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo huo. Jamaa yake wa kiume akaenda mahakamani kudai kwamba mauzo hayo ni batili. Hoja yake ilitegemea mila ya Kihaya kama ilivyoandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963: mwanamke aweza kupewa ardhi ya ukoo aitumie maisha yake, lakini hana ruhusa ya kuiuza maadamu yupo mwanamume wa ukoo. Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo yapingana na haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke wa Kihaya aweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume.

Hukumu hiyo imekwisha kuchambuliwa sana na wanasheria. Neno moja lililo ndani ya shauri hilo, hata hivyo, halikuchambuliwa kwa kadiri ile ile, nalo ni neno «mila». Waliomtetea mwanamke na waliompinga walikubaliana katika jambo moja bila ya kulijadili: kwamba mila ile ni ya kale mno, ya tangu mababu wa mababu, na kwamba Katiba ni kitu kipya kilichokuja kuiondoa. Je, ni kweli kwamba mamlaka ya wanaume juu ya ardhi, watoto na ndoa yalikuwapo katika nchi za Ziwa tangu awali? Na kama hayakuwapo, yaliingia lini na kwa njia gani? Maswali haya hayawezi kujibiwa kwa hati, kwa kuwa hapana hati ya nchi hizi iliyotangulia karne ya 19. Yajibiwa kwa vigae vya vyungu, kwa mabaki ya tanuri za chuma, na zaidi ya yote kwa maneno yaliyomo vinywani mwa watu.

Kabla ya kuyatazama maneno hayo yafaa kutenga mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. La kwanza ni nasaba, yaani mtoto kuhesabiwa kuwa wa upande wa baba au wa mama. Kiswahili kina maneno mazuri kwa jambo hili, kuumeni na kukeni. La pili ni mamlaka, yaani nani huamua. J. J. Bachofen, katika kitabu chake cha mwaka 1861, aliyachanganya mambo haya aliposema kwamba wanadamu wote walianza kwa kutawaliwa na akina mama, na baada yake L. H. Morgan mwaka 1877 na F. Engels mwaka 1884 wakaijenga fikra hiyo hata ikawa kama ngazi: kwanza kukeni, kisha mali, kisha kuumeni. Wataalamu waliokaa na watu wenye nasaba ya kukeni waliona mambo mengine. Miongoni mwa Waluguru, kwa mfano, mtoto ni wa ukoo wa mama, lakini ardhi ya ukoo husimamiwa kwa kawaida na mjomba. Audrey Richards, aliyeandika juu ya Wabantu wa kati mwaka 1950, alionyesha kwamba tatizo kubwa la watu hao ni mvutano baina ya mume na kaka ya mke, yaani baina ya wanaume wawili. Kwa hiyo mtu akithibitisha kwamba nasaba ilikuwa kukeni, hajathibitisha bado kwamba wanawake walitawala. Amethibitisha tu kwamba mume hakuwa na neno la mwisho juu ya watoto, na hilo si jambo dogo.

Mwanza ni mahali pema pa kuuliza swali hili, kwa kuwa pana mpaka wa lugha. Kusini na mashariki ya mji kuna Kisukuma, ambacho Malcolm Guthrie alikiweka katika kundi la F pamoja na Kinyamwezi. Magharibi na visiwani kuna Kizinza, Kikerewe, Kikara na Kihaya, lugha za kundi la Maziwa Makuu zilizo jamaa za Kinyankore, Kiganda na Kinyarwanda. Makundi haya mawili yametengana kwa zaidi ya miaka elfu mbili kwa hesabu za wengi, ijapokuwa wasemaji wake wamekaa jirani na kuoana. Panapopatikana neno moja katika pande zote mbili, na tena katika Kiswahili cha pwani, na kila mahali likifuata mabadiliko ya sauti ya lugha yake, basi neno hilo si la kuazima; ni urithi.

Akiolojia yatupa sakafu ya kusimamia. Kabla ya wakulima, pwani za Ziwa zilikaliwa na wavuvi na wawindaji waliofinyanga vyungu viitwavyo vya Kansyore, kwa jina la kisiwa kilichomo mto Kagera. Wafugaji wa ng'ombe walikuwapo katika nyanda za mashariki, upande wa Serengeti na Kenya ya kusini, yapata miaka 3,000 iliyopita. Kisha katika miaka elfu ya mwisho kabla ya kuzaliwa Kristo vikatokea vyungu vya Urewe na tanuri za chuma, hasa Buhaya, ambako Peter Schmidt alichimba Katuruka na Kemondo. Wengi huwahusisha watu wa Urewe na wasemaji wa Kibantu. Lakini kigae hakisemi nani alikuwa na sauti nyumbani. Kaburi likiwa na shanga laonyesha kwamba maiti alipendwa au alikuwa na mali. Halionyeshi watoto wake waliitwa kwa jina la nani. Hapa ndipo maneno yanapoanza kufanya kazi ambayo jembe la mchimbaji haliwezi.

Tuanze na neno ambalo wasemaji wengi wa Kiswahili cha leo wamelisahau: «umbu». Katika Kiswahili cha zamani umbu ni ndugu wa jinsia nyingine. Umbu la mwanamume ni dada yake, na umbu la mwanamke ni kaka yake. Kisukuma husema «ilumbu» kwa maana hiyo hiyo, na wataalamu wa Kibantu cha asili hulirudisha kwenye *-dumbu. Kinyankore na jamaa zake wamelitupa wakatwaa neno jingine, «munyaanya», lakini wazo halikubadilika. Wazo lenyewe ndilo la kuzingatiwa. Siku hizi mtu husema «kaka» na «dada», maneno ya kutaja ndugu ni wa kiume au wa kike. Wazee walikuwa na neno lisilojali kama ndugu ni wa kiume au wa kike, bali kama ni tofauti na msemaji. Lugha haitunzi neno la namna hiyo kwa karne nyingi kama halina kazi, na kazi yake ilikuwa kutaja uhusiano uliobeba haki: kaka na dada walidaiana mambo ambayo kaka na kaka hawakudaiana.

Mtoto wa umbu ana jina lake pia. Kiswahili husema «mpwa», Kisukuma «mwipwa», Kihaya «omwihwa», Kinyarwanda «umwishywa». Shina ni moja, na kila lugha imelibadili kwa kanuni zake. Katika Kiswahili cha mjini mpwa amekuwa mtoto wa ndugu yeyote, lakini maana yake ya asili, na ndiyo ihifadhiwayo na lugha za Ziwa, ni mtoto wa dada kwa upande wa mwanamume asemaye. Mtoto wa kaka hakuwa mpwa. Alikuwa mwana tu. Basi watu wa kale waliona haja ya kumtenga mtoto wa dada kwa jina la pekee na kuliacha jina hilo kwa wajukuu wao toka milima ya magharibi hata pwani ya bahari.

Kutokana na neno hili na mengine ya jamii yake, Per Hage na Jeff Marck walisema kwamba Wabantu wa kwanza walihesabu nasaba kukeni. Christopher Ehret alishika njia iyo hiyo, na Christine Saidi, akiandika mwaka 2010 juu ya nchi zilizo baina ya Kongo na Nyasa, aliongeza kwamba mamlaka ya akina mama na ya mabibi yalikuwa makubwa kuliko tulivyozoea kudhani. Upande wa pili, mwaka 2014 Christopher Opie na wenzake walitumia hesabu za mti wa lugha za Kibantu wakapata kwamba Wabantu wa kwanza yaelekea walikaa kwa mume na kuhesabu nasaba kuumeni, na kwamba nasaba ya kukeni ilizuka baadaye mahali mbalimbali, kisha pengine ikageuka tena. Majibu haya mawili hayapatani. Lakini yote mawili yavunja ngazi ya Morgan: mabadiliko hayakwenda upande mmoja tu, wala hayakutokea mara moja.

Katika ubishi huu yafaa kuonya dhidi ya kulitwika neno mzigo usioweza kubebwa. Kuwapo kwa «mpwa» hakuthibitishi kwamba mpwa alirithi. Watu wenye nasaba ya kuumeni wana haja kubwa vile vile ya kumtaja mtoto wa dada, kwa kuwa ndiye damu yao iliyokwenda kuhesabiwa kwingine. Lililothibitishwa ni dogo zaidi lakini imara zaidi: kwamba mtoto alikuwa na pande mbili zilizotajwa kwa majina yaliyo wazi, na kwamba upande wa mama ulikuwa na mwanamume wa kusema kwa niaba yake.

Huyo mwanamume aitwaje? Hapa ndipo lugha za Ziwa zinaposema jambo la ajabu. Kinyankore humwita mjomba wa mtu «nyinarumi», na Kinyarwanda «nyirarume». Ukilipasua neno utapata «nina», mama yake, na «-lume», wa kiume. Mjomba ni mama wa kiume. Shangazi naye kwa Kinyankore ni «ishenkazi», yaani «ishe», baba yake, na «-kazi», wa kike: baba wa kike. Kisukuma husema «mami» kwa mjomba, na neno hilo nalo yaelekea limejengwa juu ya mama. Hata «shangazi» la Kiswahili laonekana kuwa na muundo ule ule wa ise na -kazi, ijapokuwa sauti zake zimechakaa. Kwa hiyo katika fikra iliyoumba maneno haya, «mama» na «baba» havikuwa kwanza viumbe wa kike na wa kiume, vilikuwa pande. Mwanamke aliyezaliwa upande wa baba alikuwa na ubaba, naye alistahili heshima ya baba mbele ya watoto wa kaka yake. Shangazi wa Kiganda, «ssenga», bado hujulikana kwa mamlaka yake katika kuwafunza na kuwaoza mabinti. Mtu asemaye kwamba mila za Ziwa hazikumpa mwanamke mamlaka kamwe huwa anamwangalia mke peke yake, na kumsahau dada.

Tofauti hii ya mke na dada ndiyo ufunguo wa mambo mengi. Mwanamke yule yule alikuwa na hali mbili: kwa mumewe alikuwa mgeni aliyeletwa, kwa kaka zake alikuwa mwenyeji aliyetoka. Historia ya mamlaka ya wanaume katika nchi hizi ni, kwa sehemu kubwa, historia ya hali ya kwanza kuimeza ya pili.

Sarufi ya ndoa yaonyesha hali ya kwanza waziwazi. Kiswahili kina kuoa na kuolewa: mwanamume hutenda, mwanamke hutendwa. Kisukuma kina «kutola» na «kutolwa», Kihaya «kushwera» na «kushwerwa». Mashina haya matatu hayana udugu, lakini muundo ni mmoja. Shina -tola katika baadhi ya lugha nyingine za Kibantu lamaanisha kupata au kuokota. Mtu aweza kukimbilia kusema kwamba basi mwanamke aliokotwa tangu mwanzo wa dunia. La. Kuwapo kwa muundo mmoja juu ya mashina mbalimbali kwaonyesha kwamba wazo laweza kuvaa neno jipya mara nyingi, na kwa hiyo hatuwezi kulitia umri kwa urahisi. Tena Kiganda hakifuati mfano huo sawasawa: mwanamume «awasa», lakini mwanamke «afumbirwa», neno lililotoka katika -fumba, kupika. Hapo ndoa ya mwanamke ina shina lake lenyewe, na shina hilo ni la jikoni.

Neno la mahari lina faida zaidi kwa mwenye kutafuta tarehe. «Mahari» ni Kiarabu, na watu wa bara wamelipokea kwa Kiswahili. Lakini Kisukuma kina kitenzi chake, «kukwa», kutoa mali ya kuolea, na Kinyarwanda kina «gukwa» na «inkwano». Kiswahili hakina tena kitenzi hicho. Bali neno «mkwe», ambalo yaelekea limetoka katika shina hilo hilo, bado limo katika kila nyumba ya pwani. Kwa hiyo desturi ya kupeana kitu kwa ajili ya ndoa ni ya kale kuliko ng'ombe wengi na ya kale kuliko biashara. Swali ni kitu gani kilichotolewa, na kilinunua nini.

Katika Usukuma jibu la swali la pili lilikuwa wazi. Hans Cory, mtaalamu wa jamii aliyeitumikia serikali ya mkoloni na aliyeandika sheria na desturi za Wasukuma katika kitabu cha mwaka 1953, aeleza kwamba mali iliyotolewa ilimpa mume haki juu ya watoto. Mahali ambapo haikutolewa mke alikuwa mke, na ndoa ilikuwa ndoa, lakini watoto walikuwa wa upande wa mama yao mpaka baba awakomboe. Kwa maneno mengine, hata katikati ya karne ya 20, hali ya asili ya mtoto wa Kisukuma, ile iliyokuwapo kabla ya malipo yoyote, ilikuwa kukeni. Ukuumeni ulikuwa kitu cha kulipiwa. Wengi wanaosema kwamba Wasukuma ni watu wa kuumeni hawalizingatii jambo hili, nalo ni zito.

Malipo yenyewe yalikuwa majembe na mifugo. Majembe yalifuliwa na Warongo wa Uzinza, waliokuwa wakiyeyusha chuma upande wa Geita na Biharamulo, na bidhaa yao ilienea Usukuma na Unyamwezi. Hapa pana jambo la kutafakari. Jembe ni chombo ambacho mwanamke alikitumia siku nzima. Tanuri iliyolizaa ilikatazwa kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, nayo yenyewe, kama Schmidt alivyoonyesha kwa wafua chuma wa Kihaya, ilifananishwa na tumbo la uzazi. Kazi ya wanaume ilijitwalia sura ya kuzaa, na zao lake likawa kipimo cha kuhamisha uzazi wa kweli kutoka ukoo hata ukoo.

Ng'ombe walizidisha mambo. Mwaka 2003 Clare Holden na Ruth Mace, wakilinganisha jamii 68 za Kibantu na jamaa zao, walionyesha kwamba watu waliopata ng'ombe walielekea kuacha nasaba ya kukeni. Sababu si ngumu kuielewa kwa mtu aliyekaa Kwimba au Magu. Shamba la mtama haliendi mbali na mwenye kulilima. Ng'ombe huzaana, huhama, huibwa, hulindwa kwa mkuki, na zaidi ya yote hugeuka kuwa wake: mwenye mifugo akimpa mwanawe humwezesha kuoa, na akimpa mpwa huwezesha ukoo mwingine. Zaidi ya hayo ng'ombe waliopokewa kwa ajili ya dada ndio waliomwolea kaka. Ule uhusiano wa ilumbu, ambao pengine zamani ulikuwa wa kugawana mamlaka, ukawa wa kudaiana mifugo. Dada akitaka kumwacha mumewe, kaka alimsihi arudi, kwa kuwa ng'ombe walikwisha kwenda kwingine.

Magharibi ya Ziwa njia ilikuwa nyingine, na yafaa isichanganywe na hii. Buhaya mali iliyomfunga mtu haikuwa mfugo tu, bali mgomba. Kibanja, yaani shamba la migomba lililozunguka nyumba na kutiwa samadi, hudumu vizazi kwa vizazi. Aliyelipanda hufa, na aliyelirithi hula. Nje ya kibanja ni rweya, uwanda wa nyasi, ambako wanawake walilima «omusiri», vishamba vya mazao ya mwaka kama njugu mawe, vinavyohama baada ya mavuno. Ardhi inayodumu ikawa ya ukoo wa wanaume. Ardhi inayopita ikawa ya wanawake. David Schoenbrun, katika kitabu chake cha mwaka 1998, aonyesha kwa maneno na kwa akiolojia kwamba kilimo kikubwa cha migomba na ufugaji mkubwa katika nchi za Maziwa Makuu vilishika nguvu baada ya mwaka 800 hivi, na kwamba ndipo maneno ya ukoo wenye ardhi na ya upendeleo wa mtawala yalipoongezeka. Wasemaji wa Kibantu walikuwa wamekwisha kukaa hapo zaidi ya miaka elfu. Kanuni iliyobishaniwa Mwanza mwaka 1990, basi, kama mizizi yake ni kibanja, haitangulii kibanja.

Kuwa mwanamume katika mfumo huu kulikuwa cheo chenye masharti, na mara nyingine mwanamke alikipata. Wakuria wa mkoa wa Mara wanayo desturi iitwayo nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, huoa mwanamke, na watoto wa huyo huhesabiwa kuwa wa nyumba yake. Wengine huitaja desturi hii kama kioja. Si kioja, ni matokeo ya moja kwa moja ya kanuni kwamba ng'ombe ndio humfanya mtu kuwa na wazao. Lakini isifikiriwe pia kwamba desturi hii huvunja mamlaka ya wanaume, maana lengo lake ni kupata mrithi wa kiume.

Palikuwa na milango mingine. Katika ibada za kubandwa, zilizoenea toka Bunyoro hata Buhaya, mwanamke aliyepandwa na pepo wa Wamara au wa Mugasha, bwana wa Ziwa, alisema kwa sauti ambayo mume hakuweza kuinyamazisha. Iris Berger alieleza mwaka 1981 jinsi ibada hizo zilivyowapa wanawake nafasi. Buganda mama wa mfalme, Namasole, alikuwa na makao yake na watu wake. Na katika tawala nyingi za Usukuma na Unyamwezi mtemi hakurithiwa na mwanawe, bali na mtoto wa dada yake. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 desturi hii iligeuka mahali pengi, wana wa watemi wakashika kiti cha baba zao. Yaelekea pembe za ndovu, bunduki na ushuru wa misafara vilimfanya mtemi kuwa na mali yake binafsi ya kumwachia mwana, na baadaye serikali za kigeni zilimwelewa mwana kwa urahisi kuliko mpwa. Utemi wenyewe ulifutwa kwa sheria mwaka 1963.

Msomaji atakaye kuonja hali ya ndoa kabla ya mageuzi hayo kukomaa na asome kitabu cha Aniceti Kitereza juu ya Myombekere na Bugonoka, alichokimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na kilichopigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1980. Bugonoka hakuzaa, ndugu za mume wakamtukana, na wazazi wake wakamchukua wakarudi naye kwao. Mume ndiye aliyelazimika kwenda kuomba na kutozwa pombe ya ndizi. Kitereza hakuandika kuwatetea wanawake. Aliandika kuhifadhi desturi za Ukerewe. Kwa sababu hiyo ushahidi wake una uzito: mke ni mgeni kwa mumewe, naam, lakini nyuma yake pana nyumba yenye mlango wazi, na mume aujua mlango huo.

Mlango huo ulifungwa kidogo kidogo, na kalamu ilisaidia kuufunga. Waliokusanya desturi katika wakati wa Waingereza waliwauliza hasa watemi na wazee wa kiume. Jambo ambalo lilikuwa la mazungumzo, lililotofautiana kijiji kwa kijiji na nguvu za shangazi kwa nguvu za mjomba, likawa ibara yenye namba. Cory na Hartnoll walichapisha sheria za Wahaya mwaka 1945. Matangazo ya 1963 yakaunganisha desturi za makabila mengi ya kuumeni zikawa kanuni moja. Kanuni hizo zilichukua haki za ukoo dhidi ya mwanamke kwa ukamilifu, lakini wajibu wa ukoo kwa mwanamke, kama ule wa kaka kumpokea dada na kumpa shamba, haukuwekwa kwa nguvu ile ile. Wakati huo huo fedha za pamba zilikuwa zikilipwa mkononi mwa mwanamume, hata pale ambapo palizi ilikuwa ya mke. Kwa hiyo mjane wa mwaka 1970 alikuwa na mila kali kuliko bibi yake, na ukoo dhaifu kuliko wa bibi yake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na sheria za ardhi za mwaka 1999 zililegeza sehemu ya mambo haya. Urithi ulibaki nyuma. Wajane wawili wa Kisukuma, waliotolewa katika nyumba zao baada ya waume zao kufa, walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni za 1963. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta, ikiona kwamba desturi haziwezi kubadilishwa kwa mkwaju mmoja wa kalamu. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya hati. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake iliwapa haki, ikaitaka Tanzania izirekebishe kanuni hizo.

Yafaa kulitazama neno la mahakama ya 2006 kwa macho ya mwanaisimu. Desturi iliyosemwa kuwa haiwezi kubadilishwa kwa kalamu ilikuwa imewekwa kwa kalamu miaka 43 kabla ya hapo. Nyuma yake kulikuwa na ng'ombe na migomba ya miaka elfu moja. Nyuma ya hiyo kulikuwa na watu ambao tumebakiwa na majina yao ya jamaa tu: umbu, mpwa, mama wa kiume, baba wa kike. Maneno hayo yalikusanywa vizuri kwa Kiganda na Kinyarwanda. Kwa Kikara, Kijita na Kizinza kazi ni chache, na wazee wa Ukara na Sengerema wanaoweza kueleza ni nani aliyeitwa nani, na kwa haki gani, wazidi kupungua. Mkusanyaji atakayekwenda huko na aanze na wanawake wazee, na awaulize kwanza jina la kaka.